Baba Mkwe, Mimi na Printa Moja

Nilipoajiriwa kuwa karani wa shirika letu pale Tarime, mhasibu hakuwa baba mkwe wangu. Alikuwa mhasibu tu, mzee mrefu, mpole, mwenye koti la kaki ambalo hakulivua hata jua liwake vipi. Tulikuwa tunakunywa chai meza moja. Mimi namkatia mhogo, yeye ananitania kwamba nachapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama. Hesabu zikimgomea ananiita, "Hebu njoo uangalie na macho yako ya ujana." Nilimpenda yule mzee, nasema kweli. Ofisi nzima hakuna aliyekuwa ananichekesha kama yeye.

Kisha mwanawe akaanza kupitapita ofisini. Mara ameleta dawa ya baba yake, mara amekuja kuuliza funguo ambazo hazijapotea. Mzee akawa anacheka chinichini. Mimi na akili zangu zote nikaolewa. Siku ng'ombe walipoingia kwa baba yangu watu walipiga vigelegele, nami nilicheza mpaka nikapoteza kiatu. Jumatatu nikarudi kazini nikamimina chai vikombe viwili kama kawaida yetu. Mzee hakuja mezani. Alimtuma mama wa usafi aje kuchukua kikombe chake.

Kwetu Wakurya, mke wa mwanao si mtu wa kukaa naye karibu. Humtazami usoni, humpi mkono, humpiti mlangoni, huli mbele yake, na yeye kwako ni hivyo hivyo. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko heshima zote. Niliijua tangu utoto, nilimwona mama yangu akiruka mtaro na ndoo ya maji kichwani ili ampishe babu njia. Nilichokuwa sikijui ni kwamba inauma. Nilipata mume, nikapoteza mtu wa kucheka naye, na hakuna aliyeniuliza kama biashara hiyo naitaka.

Nikahamia nyumbani kwao, nje kidogo ya mji. Huko ndiko nilikojua kwamba mtu anaweza kufungwa bila kufuli. Mzee anapenda kukaa uani na kiti chake, uso umeelekea njia. Sasa njia ya chooni inapita wapi? Hapo hapo mbele yake. Basi mimi nilikuwa nazunguka kwa nyuma, napita kwenye migomba, nalowa umande kama mbwa mwizi, eti nimpe mzee heshima yake. Nikicheka kwa sauti mama mkwe ananikohoa. Nikiimba natazamwa. Nilijifunza kufua, kupika na kuumwa kimyakimya.

Ningevumilia kama mume angekuwepo. Lakini rashi ilikuwa imeanza Nyakunguru. Mtu asiyeijua rashi nimwambie nini? Habari inatoka kwamba mahali fulani mawe yametoa dhahabu, na kabla uji haujapoa watu wameshahama na sururu zao. Mwalimu anaacha chaki, mwenye duka anafunga duka. Mlinzi wetu wa ofisi alikwenda kunywa chai akaishia huko huko. Mume wangu naye akasema anakwenda kuangalia tu. Akawa anarudi mara mojamoja, ana vumbi hadi kwenye kope, anamrusha juu binti tuliyekuwa tumeshampata, anampa pipi, anaondoka. Baadaye hata hizo mara mojamoja zikakatika. Nikabaki kwenye nyumba ya watu, mke wa mtu asiyekuwepo.

Ofisini angalau tulikuwa tumejipanga. Kila chumba kilikuwa na kiprinta chake kidogo. Mzee anatoa mambo yake kwake, mimi natoa yangu kwangu, na karatasi ikihitaji kuvuka ukumbi, mama wa usafi anaivusha. Yule mama alikuwa na miguu myepesi na mdomo mzito, Mungu ambariki. Nikisema, "Mama, mwulize baba kama ile risiti ameiona," ananyoosha hatua, anarudi na jibu. Mimi na mzee tulifanya kazi hivyo bila kugongana hata kidogo.

Rashi ikaja kuvuruga na hilo. Shirika letu lilikuwa linawaelimisha wanawake na wakulima, na sasa huko machimboni akina mama walikuwa wanashika zebaki kwa mikono mitupu, wanaichoma kwenye jiko lile lile la ugali. Ikabidi tutoe vipeperushi, na mabango, na karatasi za mafunzo, kila wiki furushi. Vile viprinta vikaanza kufa. Kimoja kinameza karatasi na kukataa kuitapika, kingine kinatoa mistari kama pundamilia. Wino tulikuwa tunaufuata Sirari, unauziwa boksi zuri lenye maandishi ya kung'aa, ukifika nalo ofisini unakuta ndani ni maji ya rangi. Siku nyingine nilikuwa naujaza kwa bomba la sindano mimi mwenyewe, narudi nyumbani vidole vimekuwa vyeusi mpaka mama mkwe anauliza kama tumehamia gereji.

Mfadhili akapiga kelele. Akasema fedha za kuelimisha watu zinaishia kwenye wino. Mkurugenzi wetu, mama mmoja aliyelelewa na shangazi zake Isebania, ng'ambo ya mpaka, hakuwa mtu wa kusubiri kuambiwa mara mbili. Akaenda Mwanza, akarudi na mkataba, akatukusanya.

"Wacha niwaambie," akasema, Kiswahili chake nusu cha huku nusu cha ng'ambo. "Hii maneno ya kila mtu na printa yake imeisha leo. Kuna kampuni italeta mashine moja kubwa. Wino ni wao, fundi ni wao, ikiharibika ni shida yao. Sisi tunalipia karatasi iliyotoka, basi. Hizi vitu zingine zote wanazibeba."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu, kwa sababu aliendelea kusema kwamba kitakachookolewa ndicho kitafungua ofisi ndogo Mugumu, na ofisi hiyo itahitaji karani. Akanitazama mimi.

Mugumu! Nilishawahi kwenda huko kwa semina. Walitupeleka hadi Manchira kuona bwawa, tukakaa kwenye nyasi tukala mahindi ya kuchoma, na mimi nikavua viatu nikacheka kwa sauti yangu yote na hakuna aliyenikohoa. Kutoka siku ile nilikuwa najiona kwenye chumba cha kupanga, mimi na binti yangu, mlango wangu, choo changu, nikitaka kuimba naimba. Si kwamba nilitaka makuu. Nilitaka kuvuka ua nikiwa wima. Na kwa kuwa ni jambo la fedha, barua ya uhamisho ilikuwa lazima ipite kwa mhasibu akubali. Kwa hiyo baba mkwe alinishika kotekote, nyumbani na kazini.

Mashine ikaja kwenye gari la mizigo, kubwa kama friji la bucha. Ilikuwa ghali, na mji umejaa wezi waliofuata dhahabu wakaikosa, kwa hiyo mkurugenzi akaiweka kwenye stoo ya zamani mwisho wa ukumbi. Stoo yenyewe nyembamba, dirisha dogo la nondo juu karibu na dari, mlango wa chuma wenye kitasa cha kujibana. Ukiufunga umejifunga, na kwa ndani hauna pa kushika. Ufunguo unakaa kwa mkurugenzi. Asubuhi anafungua, anaweka tofali mlango usirudi, jioni analitoa.

Dada wa kampuni akatufundisha. Unatuma kazi yako kutoka kwenye kompyuta, lakini mashine haitoi kitu mpaka uje mwenyewe, usimame mbele yake, ubonyeze namba yako ya siri. Hapo ndipo inatoa. Alisema hiyo ndiyo inayookoa, kwa maana karatasi nyingi ofisini hutumwa na kusahaulika, mtu akilazimika kuzifuata kwa miguu anafikiri kwanza. Wote wakaitikia. Mimi na mzee hatukuitikia. Tulikuwa tunatazama kile kichumba, kila mtu kutoka upande wake wa ukumbi.

Nikajaribu kumpa mama wa usafi namba yangu. Mkurugenzi akanikamata siku hiyo hiyo. Nikamweleza. Akashika kiuno.

"Dada, mimi hata kwetu wakwe tunaheshimiana. Lakini hii ni ofisi, si boma. Namba ni ya mtu na mtu. Mkianza kupeana, nitajuaje nani ametoa nini?"

Nikachukua karatasi zangu nikarudi mezani. Yeye ndiye mwenye Mugumu mkononi.

Basi tukatengeneza utaratibu wetu, mimi na mzee, bila kusemezana neno. Akiwa ndani anaangika kofia yake kwenye msumari wa mlango. Mimi nikiwa ndani naacha kandambili zangu mlangoni. Ukiona kofia, unarudi. Akiona kandambili, anarudi. Na kwa kuwa wote tulikuwa tunaogopa kile chumba kama zizi lenye nyoka, tulikuwa tunafikiri sana kabla ya kutuma karatasi hata moja. Mzee alianza kuandika kwa mkono vitu ambavyo zamani angevichapa. Mimi nilikuwa nabana maandishi mpaka yanakaa kama wali kwenye sufuria ndogo. Gharama zikashuka, weee, mpaka kampuni ikapiga simu kuuliza kama mashine ni nzima. Mkurugenzi akawa anatembea kifua mbele. Mugumu ikawa si maneno tena, wakaanza kutafuta nyumba ya kupanga ofisi.

Barua yangu ya uhamisho ikaandikwa. Ikaenda kwa mzee. Ikakaa. Kila asubuhi namwuliza mama wa usafi, "Baba amesemaje?" Naye anarudi, "Anasema bado anaangalia." Anaangalia nini? Nilikuwa nakosa usingizi. Mchana namwona kwa mgongo tu, lile koti la kaki linapinda kona, nami natamani kulivuta.

Siku ya siku ilikuwa mchana wa jua kali. Mkurugenzi na wenzetu wa vijijini walikuwa wamekwenda Nyakunguru na gari kugawa vipeperushi. Ofisi imebaki na mimi, mzee na mama wa usafi. Nikaacha kandambili zangu mlangoni, nikaingia kutoa karatasi za mafunzo, na mashine ikakwama. Nikafungua tumbo lake kwa chini, nikainama, nikaingiza mkono hadi kwenye bega kuitafuta karatasi iliyojikunja. Nje mama wa usafi alikuwa anapiga deki. Alizikuta kandambili zangu kwenye maji yake, akaziokota kwa wema wake wote akaenda kuzianika juani nyuma ya ofisi, akaona kazi imeisha akaenda sokoni.

Mzee akaja. Akatazama chini, hakuna kandambili. Akaangika kofia, akaingia.

Jamani! Nilisikia tu mtu ameguna kwa mshtuko nyuma yangu, nami nimeinama, kichwa chini, mgongo juu. Sijui nisemeje aibu ile. Nilijipinda nikajibana kati ya mashine na ukuta, nikajifunika kitenge kichwani. Yeye aligeuka haraka atoke. Angetoka, mambo yangeishia hapo. Lakini wakati ule ule tukasikia sauti ukumbini. Wazee wawili wa ukoo wake walikuwa wanaingia, wanabisha hodi, wanamwita.

Wangemwona anatoka kwenye kichumba na ndani yumo mke wa mwanawe, wangesema nini? Hata mimi najua wangesema nini. Mzee hakufikiri. Alilisukuma tofali kwa mguu, akaushika mlango ukingoni, akauvuta. Ukalia kacha! ukajibana.

 Nasikia pumzi zake. Yeye amegeukia mlango, paji la uso limegusa chuma. Mimi nimeugeukia ukuta. Wale wazee wakatembea ukumbini, wakaona ile kofia kwenye msumari, mmoja akasema, "Kofia yake si hii? Yupo karibu, tumsubiri." Wakakaa kwenye benchi. Benchi lenyewe lipo wapi? Nje ya mlango ule ule.

Kupiga kelele hatuwezi, wao ndio watakaosikia. Joto la mashine linapanda, jasho linanitiririka mpaka kwenye viganja, nami nasali waondoke. Wao wamestarehe. Wakazungumza mvua. Wakazungumza bei za ng'ombe mnadani. Kisha mmoja akashusha sauti, si sana.

"Mwenzetu amekonda. Ni yule mwanawe. Umesikia amejenga kabisa huko Nyakunguru?"

"Na yule mwanamke wa mgahawa. Nimemwona kwa macho yangu, ana mtoto mgongoni."

"Na huyu mke aliyeko hapa?"

"Atajua nini? Nani atamwambia?"

Nilishika ule ukuta kwa mikono yote miwili. Nilitaka kulia, na kulia nako kuna sauti. Nikauma kitenge. Nyuma yangu nilimsikia mzee akivuta pumzi, hakuitoa kwa muda mrefu. Alijua kwamba nimesikia. Nami nilijua kwamba kwake ile haikuwa habari mpya. Tukakaa hivyo, wote wawili tunatazama kuta zetu, mpaka wale wazee wakachoka, wakasema watarudi kesho, wakaondoka.

Sasa tukapiga mlango. Tukaupiga kweli, yeye kwa ngumi na mimi kwa kiatu chake alichonisukumia kwa mguu bila kugeuka. Hakuna mtu. Simu yangu ipo mezani, yake kaiacha ikichaji. Tukachoka. Mashine inaunguruma.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia karibu yangu tangu niolewe.

"Mashine," ikasema. "Mwambie mama wa mjukuu wangu kwamba ni kweli."

Kwanza nilidhani mzee amechanganyikiwa. Kisha nikaelewa. Mjumbe wetu alikuwa sokoni, na katika chumba kile hakukuwa na mwingine wa kutumwa. Nami nikaituma.

"Mashine, mwulize baba alijua tangu lini."

"Mwambie tangu mahindi yakiwa mabichi."

"Mwulize kwa nini hakuniambia! Nimefua nguo za mume wa mtu mwingine, nimezikunja, nimeziweka sandukuni na karafuu, mwulize kwa nini!" Nilikuwa napayuka. Sikujali.

 Kisha akasema taratibu, "Mashine, mwambie mimi nilikuwa sina ruhusa ya kusema naye. Na mwenye ruhusa, mke wangu, alikataa. Anaogopa kwamba akijua, ataondoka na mtoto."

Nililia basi. Nililia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza katika ukoo ule hakuna aliyenikohoa. Aliposikia nimetulia kidogo akaendelea. Akaiambia mashine kwamba ile barua ya Mugumu hakuikalia kwa ubaya. Aliikalia kwa sababu alikuwa anaona aibu kuipitisha kabla sijajua ukweli, na kuusema ukweli alikuwa hawezi. Sasa nimejua. Mwambie aende, akasema. Aende na mtoto. Mwanangu akija kuuliza atanikuta mimi hapa.

"Mashine," nikasema, "mwambie baba asante." 

"Mwambie," akasema, na nikasikia ile sauti ya zamani ya mezani, "mwambie huko Mugumu ajifunze kuchapa kwa vidole vyote. Asiniaibishe."

Nikacheka na kamasi zangu. Naye akacheka, anautazama mlango. Mura, ndugu yangu, ukinihukumu kwa hilo nihukumu, lakini katika miaka yote niliyokaa kwenye ukoo ule sikuwahi kuwa na raha kama niliyoipata kwenye kile kichumba cha moto, nimetoka kuambiwa kwamba mume sina.

Gari likarudi. Mkurugenzi akafungua mlango, nyuma yake dereva, nyuma ya dereva wenzetu wote na maboksi. Wakatuona. Mzee akatoka amefunika uso kwa kiganja, hakuchukua hata kofia. Dereva alikuwa wa ukoo wake, kwa hiyo hakuna haja ya kueleza habari ilifikaje nyumbani. Ilifika kabla yangu.

Wazee wa ukoo wakakaa kikao. Sikuitwa, niliyapata kwa mama mkwe. Walisema hakuna uovu uliofanyika, ila heshima imevunjika, lazima kondoo achinjwe, na pia wawili hawa hawawezi tena kuingia mlango mmoja wa kazi. Mmoja aondoke.

Mama mkwe aliponiambia hivyo alikuwa ananionea huruma, ananishika bega. Mimi moyoni nilikuwa naruka. Mmoja aondoke! Nani mwingine zaidi yangu? Nina pa kwenda, barua ipo, mzee mwenyewe amesema. Jioni ile nilifunga vyombo vyangu kwenye magazeti. Nilimwambia binti yangu kuhusu bwawa, akaniuliza kama kuna bata. Nikamwambia wapo.

Siku iliyofuata nikaingia ofisini mapema ili niage vizuri. Chumba cha uhasibu kilikuwa wazi, meza imefutwa, koti la kaki halipo. Mkurugenzi akaniita, akanikalisha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mzee amekuja alfajiri," akasema. "Ameacha kazi."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Amesema mlango aliufunga yeye, si wewe. Amesema ukiondoka wewe, watu watasema umefukuzwa kwa aibu, na hiyo aibu itakufuata mpaka Mugumu. Kwa hiyo anaondoka yeye, wewe ubaki na jina lako safi. Dada, mimi sijawahi kuona mkwe kama huyu."

Kisha akaniomba. Mhasibu hana. Vitabu vya mzee hakuna anayevijua isipokuwa mimi niliyekuwa naitwa na macho yangu ya ujana. Hawezi kukosa watu wawili kwa mpigo, mfadhili atamwua. Nibaki kidogo, nishike na ya mzee, Mugumu apelekwe mwenzangu mmoja kwa sasa. Kwa sasa! Alinishika mkono wakati anasema.

Ningeweza kukataa. Nilifungua mdomo nikatae. Ndipo nikakumbuka nani alikuwa analisha boma letu. Mume wangu alikuwa analisha mgahawa Nyakunguru. Mama mkwe ana mguu unaovimba. Shemeji zangu wadogo wawili wako sekondari. Binti yangu anakula. Wote walikuwa wanaishi kwa mshahara wa mzee, na mzee ameuweka chini kwa ajili ya jina langu. Boma lile sasa lilikuwa na mshahara mmoja, nao ni wangu. Nikienda Mugumu nitalipa nyumba ya kupanga na kujilisha, huku Tarime wale nini?

Na mji mzima ulikuwa unanipongeza. Sokoni wanawake walinishika mikono. "Umepata baba wewe. Wengine tunatukanwa, wewe unaachiwa kazi." Nilikuwa naitikia, ndiyo, ndiyo, kweli, nimebarikiwa. Rohoni nilikuwa na hasira hadi meno yananiuma. Si kwamba mzee alinitendea ubaya nimlaani nimalize. Alinitendea wema, tena wema ambao ulimgharimu kila kitu, na wema ule ndio ulionipigilia misumari nisitoke. Mtu anamlalamikia nani hapo? Kama tungekuwa na ruhusa ya kuzungumza tu kama binadamu, dakika moja, ningemwambia, baba, usifanye hivyo, jina langu liache lichafuke, mimi nataka kuondoka. Lakini aliamua peke yake, usiku kucha, akiamini ananipa kitu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo.

Niliporudi nyumbani jioni nilikuta kondoo ameshachinjwa. Nikapita kwenye migomba kama siku zote, nikaingia jikoni. Mama mkwe alikuwa anasonga ugali, amejipaka mafuta, amevaa kitenge cha kanisani. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama.

"Baba yako ananituma," akasema. "Anauliza kama umefurahi."

Nje nilisikia mzee akikohoa, kama mtu anayesubiri jibu.

"Mwambie nimefurahi sana," nikasema. "Mwambie asante."

Akatoka kumwambia. Aliporudi, nikamwuliza shemeji zangu wanatakiwa kwenda na nini shuleni wiki ijayo, nipate kununua.